Kabla ya Kumwona Bingwa wa Mgongo

Mgonjwa wa mgongo hafiki kwa bingwa kwa siku moja. Ameanzia zahanati akapewa vidonge, akaenda kituo cha afya akachomwa sindano, akapigwa eksirei hospitali ya wilaya, na baada ya kuzunguka sana ndipo akaandikiwa barua ya rufaa kwenda hospitali ya Bugando, KCMC au Benjamin Mkapa, au Taasisi ya Mifupa Muhimbili, ile iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1996 na ambayo kila mtu anaiita MOI. Wengine hutumia miezi katika njia hiyo. Kisha siku inafika, jina linaitwa, na mgonjwa anaingia chumbani kwa daktari ambaye ameona watu tangu asubuhi na bado mabenchi ya nje yamejaa.

"Karibu, mama. Pole. Unasumbuliwa na nini?"

"Mgongo, daktari."

"Tangu lini?"

"Siku nyingi."

"Unauma sehemu gani?"

"Kote."

Dakika zinakwenda, na daktari hajapata neno hata moja la kumwongoza. Mama huyo hana kosa. Hakuna aliyemwambia kwamba mazungumzo yale ni sehemu ya kipimo. Wengi wetu tunaamini mashine ndiyo itasema, sisi kazi yetu ni kulala tupimwe. Kwa ugonjwa wa mgongo imani hiyo inaumiza watu, na kama utachukua jambo moja tu katika makala haya, naomba liwe hili: maelezo yako yaliyopangwa vizuri yana thamani kuliko bahasha ya picha unayoibeba kwapani.

Nieleze sababu. Mgongo wa mtu mzima una pingili 7 za shingo, 12 za kifua na 5 za kiuno, na chini yake mifupa iliyoungana ya nyonga na kifandugu. Kati ya pingili na pingili hutoka mishipa ya fahamu, na kila mshipa una eneo lake mwilini. Maumivu yanayotoka kiunoni, yakapita nyuma ya paja na kuishia juu ya wayo mpaka kidole gumba, yanamwelekeza daktari kwenye mshipa mmoja. Yakiishia kisiginoni na upande wa kidole kidogo, anaelekea kwenye mwingine. Kwenye mkono ni hivyohivyo: ganzi ya kidole gumba, ya kidole cha kati na ya kidole cha mwisho zina vyanzo tofauti shingoni. Kwa hiyo mgonjwa anayesema "unashuka mguu wa kushoto, upande wa nje, mpaka kidole gumba, na hapo kuna ganzi" ameshafanya sehemu kubwa ya kazi. Anayesema "kote" amemwacha daktari gizani.

Na picha? Picha huonyesha mengi mno. Mwaka 2015 ilichapishwa tathmini iliyokusanya tafiti 33 za watu zaidi ya 3,000 ambao hawakuwa na maumivu yoyote ya mgongo. Miongoni mwa wenye umri wa miaka 20, asilimia 37 tayari walikuwa na diski zilizoanza kuchakaa, na asilimia 30 walikuwa na diski iliyofura. Kwa wenye miaka 80, waliochakaa diski walikuwa asilimia 96. Watu hao hawakuumwa. Basi ukisomewa ripoti inayosema pingili zimesagika au diski imetoka, ujue kwamba inaweza kuwa ndiyo chanzo cha taabu yako, na inaweza kuwa mvi za ndani tu zinazokuja na umri. Kinachotenganisha hayo mawili ni kulinganisha picha na maelezo yako na uchunguzi wa mwili. Diski iliyotoka upande wa kulia haielezi mguu wa kushoto unaowaka moto.

Kwa hiyo kaa chini na daftari, siku kadhaa kabla ya miadi, usisubiri usiku wa kuamkia safari. Chora umbo la mtu, mbele na nyuma, hata kama uchoraji huujui. Paka kalamu mahali panapouma, weka nukta mahali penye ganzi, na mshale unaoonyesha maumivu yanatoka wapi kwenda wapi. Chini yake andika ukurasa mmoja, usizidi. Yalianza lini, mwezi na mwaka, na ulikuwa unafanya nini: uliinua gunia, ulianguka kutoka kwenye mwembe, bodaboda iliteleza, au uliamka tu asubuhi yakawa yapo. Tangu hapo yanazidi, yanapungua, au yanakwenda na kurudi? Ukikaa inakuwaje, ukisimama, ukitembea, ukikohoa au kupiga chafya?

Maswali haya yana sababu zake. Maumivu ya mguu yanayozidi ukikohoa au ukikaa muda mrefu mara nyingi huendana na diski inayobana mshipa. Mzee anayetembea kidogo miguu ikawa mizito na kuuma, akainama kidogo au akakaa yakapoa, kisha akaendelea, huenda njia ya mishipa kiunoni mwake imekuwa nyembamba. Wazee wa aina hii hupanda baiskeli bila shida lakini hawafiki msikitini kwa miguu. Kijana wa chini ya miaka 45 ambaye mgongo humkakamaa kila asubuhi kwa zaidi ya nusu saa, ukalegea akishaanza kazi na kumuuma tena akipumzika, anaweza kuwa na ugonjwa wa uvimbe wa viungo ambao tiba yake ni tofauti kabisa na upasuaji. Mtu hawezi kukumbuka mambo kama haya akiwa amekaa mbele ya koti jeupe. Yanakumbukwa nyumbani, ukijitazama siku mbili tatu.

Andika pia kile ambacho huwezi kukifanya tena. Madaktari huuliza maumivu ni mangapi kati ya kumi, na wewe jibu, lakini namba peke yake haiwaelezi mengi. Mwambie: nilikuwa nachota maji kisimani na kubeba ndoo kichwani, sasa nabeba kidumu cha lita tano tu. Nilikuwa naswali nikisujudu, sasa naswali kwenye kiti. Nilikuwa nafunga vifungo vya shati bila kutazama, sasa vinanishinda. Hili la vifungo lisikupite. Mikono inayopoteza ustadi, mwandiko unaoharibika, funguo zinazoponyoka, pamoja na kuyumba wakati wa kutembea, ni dalili kwamba neva kuu inayopita ndani ya uti inabanwa shingoni, na mara nyingi hali hiyo haiji na maumivu makali. Watu huiita uzee na kuiacha. Itaje hata usipoulizwa.

Sasa kuna mambo ya aibu, na hapa naomba uniazime masikio yako yote. Mkojo, haja kubwa na tendo la ndoa vinaendeshwa na mishipa ileile inayopita kwenye uti wa mgongo. Daktari akikuuliza kama unahisi unapojisafisha chooni, hakuvunjii heshima. Akina baba wengi watasema mguu unauma na kunyamaza kuhusu ya kitandani. Akina mama watasema kiuno na kunyamaza kuhusu mkojo unaochuruzika. Kunyamaza huko kunaweza kukugharimu. Kama umekuja na mtu usiyeweza kusema mbele yake, mwambie daktari, "Naomba tubaki sisi wawili tu kidogo." Atakuelewa.

Tena, baadhi ya dalili hizi hazingoji miadi. Ukipata ganzi sehemu unayokalia, kati ya mapaja na kuzunguka sehemu za siri. Mkojo ukagoma kutoka ilhali kibofu kimejaa, au ukatoka bila wewe kujua. Choo kikakushinda kuzuia. Miguu yote miwili ikaanza kuishiwa nguvu. Likitokea lolote kati ya hayo, sahau tarehe iliyoandikwa kwenye kadi. Nenda idara ya dharura siku hiyohiyo, hata kama ni saa nane za usiku, na uyataje maneno hayo waziwazi mapokezi. Mishipa ya mwisho wa uti ikibanwa namna hii, ucheleweshaji wa siku chache unaweza kumwacha mtu na mpira wa mkojo maisha yake yote. Vivyo hivyo kwa aliyeanguka au kupata ajali: maumivu makali ya shingo au mgongo ni ya dharura, na asibebwe mzobemzobe kwenye bajaji.

Kuna dalili nyingine zisizotisha kwa haraka lakini lazima zifike kwenye daftari lako. Homa za jioni, jasho la usiku, kupungua uzito bila kujinyima, maumivu yanayokuamsha usiku na yasiyojali umelalaje. Katika nchi zetu kifua kikuu hakikai kifuani tu. Daktari Mwingereza Percivall Pott alikieleza kibyongo kinachofuatana na kupooza miguu mwaka 1779, na leo tunajua kwamba hicho ni kifua kikuu kilichoingia kwenye pingili. Mtu anaweza kuwa nacho bila kukohoa hata kidogo na makohozi yake yakawa safi. Kinatibika kwa dawa ambazo hapa Tanzania hutolewa bila malipo, na kikiwahiwa wengi hupona bila kisu. Kikicheleweshwa kwa mwaka mzima wa kukandwa mgongo, pingili hubomoka. Kama uliwahi kuugua kifua kikuu, au umeishi na mgonjwa wake, au unaishi na virusi vya UKIMWI, sema. Wafugaji na wote wanaokunywa maziwa yasiyochemshwa waseme pia, kwa kuwa brusela, ugonjwa unaopatikana kwa maziwa hayo, nao hupenda kukaa kwenye mgongo. Na aliyewahi kutibiwa saratani ya titi, ya tezi dume au nyingine yoyote, hata kama aliambiwa imekwisha, aitaje mapema kabisa kabla ya mengine.

Nije kwenye dawa. Usiandike majina kwa kukumbuka. Beba makasha na vifuko vyenyewe, vyote, vikiwemo vya presha na sukari. Daktari anahitaji kujua kama unatumia dawa za kulainisha damu, kwa sababu zinabadilisha mpango wa sindano au upasuaji wowote. Anahitaji kujua umekunywa diklofenaki kwa muda gani, maana dawa hizi za maumivu zinazouzwa kila duka huumiza figo na tumbo zikitumiwa miezi mfululizo, na aliye na presha au sukari ndiye anayeumia zaidi. Usiache dawa zako asubuhi ya miadi eti daktari akuone maumivu yalivyo. Za presha na sukari zisirukwe kamwe. Za maumivu, kama ulikunywa, sema ulikunywa saa ngapi.

Halafu dawa za asili. Wengi wetu tumepita huko kabla ya kufika hospitali, na daktari analijua hilo vizuri. Sema ulikandwa na nani na vipi, ulichanjwa chale wapi, ulikunywa mizizi ya rangi gani na kwa muda gani. Baadhi ya unga unaouzwa kama dawa ya mgongo huwa umechanganywa na dawa za hospitali za kundi la steroidi. Mgonjwa anajisikia vizuri ghafla, uso unanenepa, sukari inapanda, na mifupa inadhoofika polepole. Ukificha, vipimo vitasoma vibaya na utaumia wewe. Daktari akikufokea kwa kuwa ulikwenda kwa mganga, vumilia, lakini mpe ukweli.

Kuhusu picha, beba zote, za zamani na mpya, pamoja na CD ya MRI yenyewe. Ripoti ya karatasi haitoshi. Mpasuaji hupenda kutazama kwa macho yake mwenyewe. Zipange kwa tarehe, usizikunje, na usiziache kwenye jua la dashibodi. Ujue pia kila kipimo kina mpaka wake: eksirei inaonyesha mfupa lakini haionyeshi diski wala mishipa ya fahamu, na ndiyo maana unaweza kuambiwa eksirei yako ni nzuri huku mguu unakuua. Hata hivyo sikushauri ukimbilie kulipia MRI kwa fedha zako kabla ya kumwona bingwa, isipokuwa aliyekupa rufaa ameiagiza. Huenda bingwa akataka picha ya sehemu nyingine ya mgongo, au akaona haihitajiki. Nimeona familia zikiuza mbuzi kwa ajili ya picha ya kiuno ilhali tatizo lilikuwa shingoni.

Ikiwa utapelekwa kwenye MRI, ni sumaku kubwa mno. Mwenye betri ya moyo, vyuma vya upasuaji, au fundi wa kuchomelea aliyewahi kuingiwa na kipande cha chuma jichoni, aseme kabla ya kuingia chumbani. Utalala ndani ya tundu jembamba lenye kelele, mara nyingi kwa nusu saa au zaidi. Anayeogopa kufungiwa aseme mapema, asaidiwe. Mjamzito au anayedhani ni mjamzito aseme kabla ya kipimo chochote, hasa eksirei na CT.

Mavazi ni jambo dogo lakini linachelewesha watu. Utatembea kwa visigino, utatembea kwa ncha za vidole, utainama, utalala na kuinuliwa mguu ukiwa umenyooka, utagongwa magoti kwa nyundo ya mpira na kuguswa nyayo. Vaa nguo pana inayovulika kirahisi na viatu visivyo na kamba nyingi. Akina mama, chukueni kanga ya kujisitiri. Na kama daktari ni mwanamume, una haki ya kuomba muuguzi wa kike awepo.

Sasa yule anayekusindikiza. Kwetu mgonjwa haendi peke yake, na hiyo ni neema, lakini nimeshuhudia mara nyingi msindikizaji akigeuka kuwa mgonjwa. Daktari anamuuliza mama, mtoto wake wa kiume anajibu. Anauliza tena, shangazi anasahihisha. Mama ananyamaza, na ganzi ya miguu yake haitajwi kabisa. Chagua mtu mmoja mwenye masikio, anayeweza kuandika, na mpange kabla: mgonjwa ndiye atasema, msindikizaji ataongeza lililosahauliwa na kuandika majibu. Kama lugha ya nyumbani ni Kisukuma au Kimasai na Kiswahili cha mzee ni kigumu, msindikizaji atafsiri yale mzee anayosema, asiweke yake. Ukitaka kurekodi maelezo ya daktari kwa simu, omba ruhusa kwanza.

Hofu kubwa ya watu ni kisu. "Ukiguswa mgongo unapooza," ndivyo mitaani tunavyoambiana, na wapo wanaochana barua ya rufaa kwa maneno hayo. Upasuaji wa mgongo una hatari zake za kweli, na daktari anapaswa kukueleza. Lakini kumwona bingwa si kukubali kupasuliwa. Sehemu kubwa ya wanaokwenda hurudi na dawa, mazoezi ya fiziotherapia na tarehe ya kuangaliwa tena. Hata diski iliyotoka na kubana mshipa, wengi hupata nafuu ndani ya wiki 6 hadi 12 bila upasuaji, kwa kuwa mwili wenyewe hukinyonya kile kipande kidogokidogo. Na kwa maumivu sugu ya kiuno yasiyo na ugonjwa maalumu nyuma yake, mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa Desemba 2023 unasisitiza elimu na mazoezi, na haupendekezi mikanda ya mgongo wala kuvutwa kwa mashine kama matibabu ya kawaida. Unaposhauriwa mazoezi, usirudi nyumbani ukisema hukutibiwa.

Ikiwa upasuaji utatajwa, uliza kwa utulivu. Daktari, unadhani maumivu yangu yanatoka wapi hasa? Je, picha inalingana na ulivyonipima? Upasuaji huu unalenga maumivu ya mguu au ya mgongo wenyewe? Swali hili la tatu ni la maana sana, kwa sababu kuondoa kipande cha diski husaidia zaidi maumivu yanayoshuka mguuni kuliko yale yanayobaki kiunoni, na wengi wanaolalamika baadaye ni wale ambao hawakuelezwa tofauti hiyo. Tukisubiri wiki 6 nitapoteza nini? Nitarudi shambani au dukani baada ya muda gani? Mvutaji wa sigara aulize pia kuhusu sigara zake, kwa kuwa moshi huchelewesha mifupa kuungana. Kusema "naomba nikashauriane na familia" ni jibu halali pale ambapo hakuna dharura.

Fedha na safari, kwa kifupi. Kabla ya kupanda basi, ulizia dirisha la bima kama kadi yako inapokelewa pale, kama rufaa yako inatosha, na kama vipimo vikubwa vinahitaji kibali. Kwa Kenya, kumbuka tangu Oktoba 2024 usajili wa bima ya afya ya umma ni wa SHA, na kadi ya zamani ya NHIF ya huko haifanyi kazi. Beba kitambulisho cha taifa na nakala za barua. Kwenye basi usikubali kiti cha nyuma kabisa, shuka unyooshe miguu kila linaposimama, na kama uwezo upo fika siku moja kabla, kwani mgongo uliopigwa na barabara usiku kucha hauchunguziki vizuri.

Na usitoke chumbani bila majibu manne kwenye daftari: ugonjwa wangu unaitwaje, nifanye nini kuanzia leo, nirudi lini, na dalili gani zikitokea nisingoje tarehe hiyo. Kama hukuelewa, sema, "Daktari, naomba unirudie kwa Kiswahili chepesi." Usiogope kuonekana mjinga. Anza daftari hilo leo, kabla ya kuulizia nauli.